Sauti Inayokatika Mvua Ikinyesha

Jumanne, 3 Machi

Mvua ya kwanza imeshuka leo adhuhuri, nami nimechukua daftari jipya. Watu huanza kuandika mambo yakishaharibika. Mimi nataka nianze yangali mazima, niweze baadaye kuonyesha kwamba sikukosea.

Leo imekuja printa ya shemeji yangu. Huyu ni mdogo wa mume wangu. Macho yake yalizimika akiwa mtoto, na hufanya kazi kwa masikio: kompyuta yake ina programu ya kusoma skrini, inamtamkia kila kilichoandikwa, naye huandika kwa kasi ambayo mimi fundi mwenyewe sina. Shule ya wasioona imempa kazi ya majaribio, kuwatolea wanafunzi vitabu vya nukta nundu, vinavyosomwa kwa vidole. Vikitoka safi kabla shule haijafunguliwa mwezi wa tano, anaajiriwa. Vikitoka vibaya, kazi inapewa mwingine. Amengojea nafasi hii miaka, akikaa nyumba moja na Mama yao, na mimi, na kaka yake ambaye muda mwingi yuko barabarani na lori.

Printa yenyewe ni chuma kizito kama kinu. Haitumii wino. Inapigapiga karatasi mpaka vinundu vinatokeza, kwa kelele za kutosha kuamsha mtaa. Mama alipoisikia akasema, "Mmeniletea mhunzi ndani ya nyumba." Basi jina limeshika, ni Mhunzi.

Niliifunga mwenyewe na kuipima mwenyewe. Kwanza nilizima ile sauti ya kompyuta, kama ninavyofanya siku zote nikishika mashine ya shemeji, maana siwezi kufanya kazi huku kuna mtu ananitangazia kila ninapogusa. Ukurasa ukatoka safi. Nikamwambia, "Shemeji, kazi kwako."

Jumatano, 4 Machi

Mvua. Karakana nimepokea redio mbili na pasi moja. Siku kama hizi sizilalamikii.

Ijumaa, 6 Machi

Shemeji anasema sauti inakatika. "Inaanza neno vizuri, halafu inakwama. Ma-ma-ma-ma-ma, kama mtoto anayedai nyonyo. Kisha kimya, mpaka niizime na kuiwasha upya."

Nilibeba sanduku la kompyuta mpaka karakana, nikaliweka mezani mbele ya dirisha, nikafungulia sauti, nikaipa habari ndefu ya gazeti. Ilisoma mchana kutwa bila kujikwaa hata silabi. Nikairudisha. Nilimwambia imeona fundi ikaogopa.

Jumatatu, 9 Machi

Imekatika tena. Mvua ilikuwa kubwa.

Mama, ambaye humu ndani ndiye waziri wa hali ya hewa, ameshatoa hukumu: "Hiyo mashine imeingia baridi. Hamwoni kila ikikatika mvua iko juu ya bati?" Nilitaka kucheka, ila nikafikiri, mwanamke huyu hakosei sana. Unyevu ni adui wa umeme.

Shemeji akauliza polepole, "Haiwezi kuwa Mhunzi?"

"Mhunzi nimempima mwenyewe, shemeji. Na kila siku si unachapa? Ingekuwa yeye, ungekuwa huna hata ukurasa mmoja."

Akafungua mdomo, akaufunga. Nikajua nimeshinda. Mimi nikishinda hoja huwa silali njaa, nilikula vizuri.

Jumanne, 10 Machi

Nimekausha sanduku lote kwa balbu. Kesho tutaona.

Jumatano, 11 Machi

Tumeona. Ma-ma-ma-ma.

Jumanne, 17 Machi

Nimepanda juu ya bati na kuziba matundu mawili juu ya chumba chake. Mama alikuwa chini ameshika ngazi, akinielekeza mahali pa kukanyaga kana kwamba yeye ndiye aliyeezeka. Jirani yetu muuguzi, ambaye chumba chake cha nyuma kinapakana kwa ukuta mmoja na cha shemeji, alikuwa anarudi kutoka kazini asubuhi hiyo. Akasema, "Fundi, ukimaliza hapo nizibie na kwangu." Hufanya kazi zamu ya usiku, mchana analala. Nikamwambia nitakuja, nikasahau.

Mvua ikanyesha jioni. Ndani pakavu kabisa, na sauti ikakatika.

Jumamosi, 21 Machi

Nimebadilisha spika. Wapi.

Jumatano, 25 Machi

Nimevuta waya mpya wa ardhini, kazi safi sana. Sauti imekatika wakati bado naosha mikono.

Naandika hapa ili nisiseme kwa mdomo: nimeanza kumchoka shemeji. Kila jioni yuko mlangoni, kichwa ameinamisha upande, ananingojea nivue viatu. "Pole na kazi, shemeji. Leo imekatika mara nyingi." Najua anasema kweli. Lakini mashine hiyo ikifika karakana kwangu inasoma kama kasisi. Nimewaza labda kazi imemwia ngumu na ameona mahali pa kuitupia lawama.

Jumamosi, 28 Machi

Leo mstari mmoja hautatosha.

Mwalimu mkuu wa ile shule amekuja mwenyewe, na boksi mkononi. Ni mwanamke mfupi, mpole, wa aina ile ambayo upole wake unakukosesha pa kujitetea. Aliketi, akatoa kitabu cha kwanza cha shemeji na kumwekea magotini. "Pita hapa na vidole vyako," akamwambia.

Shemeji akapitisha vidole. Nilikuwa nimesimama mlangoni, na nikaona uso wake unavyobadilika.

"Neno hili limejirudia mara tatu," akasema.

"Na ukurasa unaofuata?"

"Umeruka mistari."

"Mtoto asiyeona hana kitabu kingine cha kulinganishia," mwalimu mkuu akasema. "Ukimwandikia kosa, ndiyo elimu hiyo. Sikukuja kukugombeza, mwanangu. Nakupa kitabu kimoja tena. Nitakuja kukichukua Alhamisi ya mwisho wa mwezi ujao, kabla hatujafungua. Kikiwa hivi, sina namna."

Alipoondoka, nilimuuliza shemeji kwa nini aliviacha vitabu vitoke na makosa. Nilimuuliza kwa ukali, sifichi.

"Huwa nahakiki kwa kusikiliza," akanijibu. "Mhunzi anachapa sura moja, mimi nasikiliza inayofuata na kuirekebisha. Nikingoja amalize ndipo nianze, siwahi. Sasa sauti ikisema ma-ma-ma, najuaje kama ni mashine imekwama au ndivyo ilivyoandikwa? Mengine nilirekebisha yaliyokuwa sawa. Nikayaharibu."

Niliketi. Wiki zote hizi mtu huyu amekuwa kama mtu anayesoma barua huku mwingine anaichanachana mikononi mwake, na kila jioni ananiambia pole na kazi. Nimeona haya. Nimeapa nitaipata hitilafu hiyo hata ikibidi niing'oe kompyuta skrubu kwa skrubu.

Jumatano, 1 Aprili

Mvua. Sina jipya, ila hasira.

Jumanne, 7 Aprili

Nimeipata.

Tena nimeipata kwa sababu ya wizi wangu mwenyewe. Skrini ya shemeji niliichukua juzi nikampelekea mteja ambaye yake imekufa. Niliwaza, shemeji skrini ya nini? Leo nilipoketi chumbani kwake kufungua kompyuta, sikuwa na pa kutazamia. Ilinibidi niache sauti ifanye kazi na nifuate inavyosema, kama afanyavyo yeye. Mwenye macho haambiwi tazama, lakini leo niliambiwa kila kitu. Nilikuwa mzito kama mgeni jikoni kwa watu. Shemeji aliketi nyuma yangu akicheka kwa pua.

Nikiwa katikati, mvua ikaanza kupiga bati. Shemeji akainuka bila neno, akapapasa mezani, akawasha Mhunzi. Nyundo ya kwanza ikagonga, na sauti niliyokuwa naifuata ikasema "fungu-fungu-fungu-fungu" kisha ikanyamaza.

Nikageuka. "Shemeji, zima hicho."

Akazima. Nikawasha kompyuta upya. Mvua inanyesha, sauti inasoma vizuri. Dakika zikapita, mvua ikazidi, sauti haina wasiwasi wowote. Nikamwambia washa. Nyundo moja, na imekwama.

"Kumbe huwa unachapa mvua ikinyesha?"

"Ndiyo."

"Na isiponyesha?"

Akageukia meza. Nilingoja mvua ikatike, ikakatika, nikamwambia achape ukurasa mmoja tuone kwenye ukavu. Akakataa. Nikamwambia ni amri ya fundi. Akakataa tena, na masikio yakamwiva.

"Muuguzi amelala," akasema hatimaye. "Siku ile Mhunzi alipokuja, muuguzi aligonga ukuta. Akasema kwa upole tu, jamani, nimetoka zamu. Tangu hapo nachapa wakati bati lina kelele, asisikie. Usimwambie Mama."

Mama alikuwa mlangoni tayari, bila shaka. "Mficha maradhi, kifo humuumbua," akasema, akaenda zake jikoni akiwa na furaha ambayo hakuweza kuificha. Nami ndipo nilipoelewa kwa nini shemeji hunyoa ndevu kila asubuhi, mtu asiyetoka nyumbani.

"Mstari mmoja," nikambembeleza. "Mmoja tu."

Akauchapa, nje jua linawaka. Fungu-fungu-fungu.

Basi mvua haina hatia, na unyevu hauna hatia, na bati nililopanda halikuwa na kesi. Mvua ilimleta shemeji mezani, shemeji akamwasha Mhunzi, Mhunzi akaikata sauti. Mimi nilimpima Mhunzi nimezima sauti, nikaipima sauti karakana ambako Mhunzi hayupo. Kila mmoja peke yake ni mzima. Sikuwahi kuwasikia pamoja, na yeye huwasikia pamoja kila siku. Aliniuliza mapema kabisa, nikamfunga mdomo.

Nimemwomba radhi mbele ya Mama. Akasema, "Shemeji, wewe tengeneza, radhi tutakula baadaye."

Jumatano, 8 Aprili

Nimemweleza Mama, naye ameelewa haraka kuliko wateja wangu wote, basi niandike nilivyomweleza.

Ndani ya kompyuta kuna prosesa, huyo ndiye mwenye nyumba, na yuko peke yake. Kifaa kikitaka kuhudumiwa, kinampigia kengele, naye anaacha alichoshika na kukikimbilia. Kengele zina namba. Kadi ya sauti ilipigia namba saba. Tundu la printa nalo ni namba saba. Printa za kawaida hata haziigusi, ndiyo maana nyumba ilikaa kwa amani miaka yote. Mhunzi yeye anaipiga kila mstari. Kengele ikilia, mwenye nyumba anakimbilia mlango wa Mhunzi, na kadi ya sauti inabaki mlangoni kwake na neno lile lile mdomoni, inalirudia mpaka inachoka.

"Sasa wape kila mmoja kengele yake," Mama akasema.

Ndiyo dawa yenyewe, wala hakuna nyingine.

Alhamisi, 9 Aprili

Kwenye kadi ya sauti kuna vibanio vidogo vyeusi, mafundi tunaviita jampa, kila kimoja kama punje ya mchele. Nimehamisha kimoja kutoka saba kwenda tano, nikairudisha kadi, nikaiambia kompyuta iitafute kadi kwenye namba mpya. Nikawasha kwa mbwembwe, Mama na shemeji wamekaa kama wageni wa harusi.

Kimya. Si ma-ma-ma, si chochote.

Mama akauliza kama sasa nimeiua. Nikamwambia kujikwaa si kuanguka, nikatoka nje kuvuta pumzi.

Ijumaa, 10 Aprili

Namba tano ilikuwa na mwenyewe. Mle ndani kuna kadi ya modemu ya zamani, ya intaneti kwa waya wa simu. Waya wenyewe ulishakatwa, lakini kadi imekaa palepale na kengele yake, kama mjomba aliyekuja kwa wiki moja. Nimeing'oa.

Nikamwambia shemeji, "Washa vyote. Mhunzi na sauti, kwa mpigo."

Mvua ilikuwa inanyesha, kwa bahati. Mhunzi akaanza kugonga, na ndani ya kelele ile sauti ikasoma ukurasa mzima, ukafuata wa pili na wa tatu. Shemeji alikuwa amebana spika sikioni kwa mikono yote miwili. Mimi nililia kidogo. Naandika kwa sababu ni kweli, na kwa sababu Mama aliona.

Jumamosi, 11 Aprili

Jua.

Jumatatu, 13 Aprili

Jua. Shemeji amehakiki sura tatu kwa masikio, hana kosa. Hajachapa hata ukurasa.

Ijumaa, 17 Aprili

Jua kali. Waziri wa hali ya hewa anasema mvua za mwaka huu zimekwisha, zimeondoka mapema.

Nimemwambia shemeji achape. Anachapa jioni, muuguzi akishatoka, kabla Mama hajalala, na muda huo hautoshi hata sura moja. Nikamwonyesha hesabu. Akasema hesabu anazijua. Nikamwambia aende akamuulize. Akasema, "Nikamwambie nini? Kwamba akose usingizi ili mimi niajiriwe?"

Jumatatu, 20 Aprili

Nimesubiri mvua leo kama mkulima. Mawingu yalikuja, yakatutazama, yakapita.

Mashine nzima, sauti nzima, mtu mzima, na kazi imesimama kwa adabu. Sijawahi kukutana na hitilafu ya aina hii, na haina jampa.

Jumatano, 22 Aprili

Nimekwenda kwa muuguzi jioni kabla hajaenda kazini. Shemeji hakunituma. Angejua, angenifungia mlango.

Nilimkuta anafunga viatu. Nikamweleza yote bila kuzunguka: printa, shule, Alhamisi ya wiki ijayo, na kwamba mtu amekaa mbele ya kazi yake akingojea mvua kwa ajili ya usingizi wake.

Akaacha kufunga kamba. "Usingizi wangu wa wapi?"

"Wa chumba cha nyuma."

Akainuka, akanifungulia mlango wa chumba cha nyuma. Hakikuwa na kitanda. Kulikuwa na ndoo, masufuria, na beseni la bluu, vimepangwa sakafuni chini ya matundu ya bati, vyote vikavu.

"Nilihama humu tangu mvua za kwanza," akasema. "Nalala chumba cha mbele. Siku ile niligonga ukuta kwa sababu nilishtuka usingizini nikidhani unabomoka. Tangu hapo sijasikia kitu, nikadhani kazi yenyewe ilikufa. Nikamwonea huruma."

Nilitaka kucheka, nikashindwa. Mwezi mzima na zaidi, shemeji amekuwa akiyatunzia masufuria usingizi.

Muuguzi akaketi tena, kiatu kimoja mkononi. "Muda wote huo anangojea mvua kwa ajili yangu?"

"Ndiyo."

"Mbona hakuniuliza?"

Mimi mwenyewe niliulizwa na sikusikiliza. Akavaa kiatu, akatoka, na badala ya kushika njia ya kazini akaingia kwetu moja kwa moja. Nilimfuata. Alisimama mlangoni kwa shemeji.

"Jirani," akasema, "chapa."

Shemeji aliinuka kiti kikaanguka. "Nitakuamsha."

"Nalala mbele. Chapa asubuhi, chapa mchana. Nikisikia umenyamaza nitakuja kukugongea mwenyewe."

Mama akasema kutoka jikoni, "Kuuliza si ujinga."

Alhamisi, 23 Aprili

Mhunzi amegonga tangu asubuhi. Jua linawaka na nyumba inatetemeka. Mama ametia pamba masikioni na anasema hajambo.

Jumapili, 26 Aprili

Anachapa. Muuguzi alikuwa na mapumziko leo. Aliketi naye na kitabu cha asili, kile cha wino, akimsomea kwa sauti pale yeye alipotaka kuhakikisha, na kompyuta ikisoma upande wa pili, na Mhunzi akigonga. Nilipita mara mbili kujifanya natafuta bisibisi. Mara ya pili shemeji alisema, "Shemeji, bisibisi iko mkononi mwako. Naisikia inagonga pete."

Jumatano, 29 Aprili

Ukurasa wa mwisho umetoka. Usiku sijui nani atalala.

Alhamisi, 30 Aprili

Mwalimu mkuu alikuja na mwanafunzi, msichana wa darasa la nne hivi, mwenye sauti kavu na maswali mengi. Aliuliza kila kitu ni nini, mpaka kiti. Mwalimu mkuu hakukigusa kitabu. Alimpa yule msichana na kumwambia asome popote.

Msichana akakifungua kwenye kurasa za mwisho. Vidole vyake vilikwenda taratibu, kisha vikashika mwendo. Nilikuwa nimesimama na Mama ukutani. Muuguzi, aliyetakiwa awe amelala, alikuwa mlangoni. Shemeji aliketi mikono magotini, kichwa kimeinama upande, akisikiliza kila neno lake likitoka kwa kinywa cha mtu mwingine.

Msichana alisoma ukurasa mzima, akafungua wa pili. Kila alipovuta pumzi mimi nilidhani amefika kwenye kosa. Hakufika kwenye kosa. Alisoma mpaka mwisho wa sura, ambako kijana wa kwenye hadithi anapotea msituni, na ndipo kitabu kilipoishia, maana shule iliagiza sehemu ya kwanza tu. Akageuza ukurasa. Akapapasa jalada la nyuma, ndani na nje.

"Inaendelea wapi?" akauliza.

"Haijachapwa," mwalimu mkuu akasema.

"Sasa huyu kijana atakaa msituni mpaka lini?"

Shemeji akakohoa kidogo. "Nipe mpaka Ijumaa ijayo."

Mwalimu mkuu akakichukua kitabu, akakiweka ndani ya boksi, akafunga. "Ijumaa ijayo utakuwa unachapia shuleni," akasema. "Chumba chako kiko mwisho wa jengo. Jumatatu saa mbili, usichelewe."

Shemeji alitafuta ukingo wa meza kwa mkono, akaushika, akabaki ameushika.